Mhakiki na Mdalasini Wake

Watu hudhani kuhakiki blogu ni kazi ya wavivu. Basi wakae wao kila Jumamosi kwenye kompyuta namba mbili ya duka la intaneti pale Chake Chake, wasome maandishi ya watu wasiojua hata pa kuweka nukta, kisha wawaambie walimwengu ipi isomwe na ipi iachwe. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka miwili bila kushukuriwa. Blogu yangu iliitwa Chungio la Pujini, kwa jina la kijiji chetu, nayo ilikuwa na jina langu kamili, Sleiman bin Saud, karani mstaafu, na picha yangu nimevaa koti.

Nilipima kwa karafuu, kuanzia moja hadi tano. Blogu moja ya mapishi niliipa mbili, kwa kuwa mwenyewe alitia sukari kwenye mchuzi wa pweza. Blogu ya vijana wetu walioko London, wanaogombania siasa za Pemba na jua la Pemba hawajaliona miaka kumi, niliipa moja, na hiyo moja ilikuwa ya huruma. Karafuu tano sikuwahi kumpa mtu.

Mwaka 2009 ikazuka blogu inayoitwa Siha ya Majani. Mwandishi hakutaja jina lake. Hakutisha watu kwa majini, hakuuza chupa, na pale alipokuwa hajui aliandika, "Hapa sijui, nendeni hospitali." Kiswahili chake kilikuwa safi, kimenyooka. Nikakata shauri kwamba mtu huyu hayupo kisiwani. Nikamweka Maskati, kwenye nyumba yenye kiyoyozi.

Nilimsoma kwa haja yangu mwenyewe. Mama yangu, Bi Thuraiya, magoti yalimkatalia, na huo ulikuwa mwaka wa tatu anasali kwenye kiti. Hospitali walimpa vidonge, maumivu yakapungua, lakini kukunja goti akashindwa. Maumivu hakuyalalamikia. Alilalamikia kiti.

"Sleiman, mie nnaona haya," aliniambia. "Mola wangu namsujudia nimekaa kitako kama hakimu. Ramadhani hii nataka paji langu liguse chini, japo mara moja."

Ramadhani ilikuwa imebakisha mwezi na siku chache. Siha ya Majani ilieleza dawa ya kuchua magoti: mafuta ya makonyo, yale makali yanayotoka kwenye vikonyo vya karafuu, mafuta ya nazi, na majani ya mdalasini mkongwe. Mdalasini mkongwe ninao, uko uani kwangu, karibu na ukuta. Nikapika mwenyewe, nikaunguza, nikampaka mama hivyo hivyo. Goti halikukunjika, ila mama alinukia pilau wiki nzima. Wageni waliokuja kumjulia hali waliondoka wamenuna, wakijua kuna sufuria tumewaficha.

Jumamosi iliyofuata nikakuta yule mwandishi ameandika maneno ya uchungu. "Dawa ya magoti sasa siwezi kuipika ikawa dawa," aliandika. "Inataka majani ya mdalasini mkongwe, na ninaoujua mimi uko nyuma ya nyumba ya jirani yangu. Hatujapeana salamu tangu uchaguzi wa tisini na tano. Kila asubuhi naunusa. Kuuchuma siwezi."

Nilikasirika kweli kweli. Mimi pia nina jirani tusiyesemezana naye tangu uchaguzi ule, anaitwa Kificho. Alipandisha bendera yake, nikapandisha yangu, na baadaye tukajenga ukuta katikati ya nyua zetu. Tuliujenga kimya kimya, yeye upande wake, mimi upande wangu. Lakini jambo letu lilikuwa tofauti kabisa, kwa sababu katika jambo letu mimi nilikuwa na haki.

Nikaandika uhakiki wangu kwa pumzi moja: "Karafuu tano, za kwanza na huenda za mwisho. Ama jirani huyo mwenye mdalasini, huyo hata karafuu moja simpi, nampa kikonyo. Anayemnyima mwenziwe majani yanayodondoka bure hajui ujirani, na dini yake aikague. Mwandishi huyu angekuwa jirani yangu mimi, ningemfungulia mlango wa uani achume mpaka achoke, awe wa chama chochote, na kahawa ningemtilia."

Petronila, mwenye duka la intaneti, mama wa kutoka Bukoba asiyependa maneno mengi, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mzee Sleiman, hiyo usiitoe leo," alisema. "Nenda nyumbani, ulale, uisome tena kesho."

"Petronila, wewe shughulika na mashine. Uhakiki niachie mimi."

"Sawa, mzee. Mimi nimekuambia."

Nikaitoa. Jumapili na Jumatatu kila nilipopita watu walinichekea. Muuza samaki aliniambia nimesema kweli tupu, akageuka upande akikohoa. Imamu alinipa mkono akaung'ang'ania, akasema Mungu anitie nguvu. Nikaona umaarufu umefika, umechelewa tu.

Jumanne baada ya alasiri mlango ukabishwa. Nikafungua, nikamkuta Kificho na pakacha mkononi na karatasi iliyokunjwa.

"Asalaam aleykum," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne. "Yakhe, nimekuja kwa mdalasini."

"Mdalasini gani?"

Akaikunjua karatasi, akavaa miwani, akanisomea maneno yangu taratibu, pasipo kuruka hata nukta. Alipofika "achume mpaka achoke" akanitazama juu ya miwani. "Mie sichoki upesi," alisema.

Nilitamani ardhi inimeze na koti langu. Mtu niliyempeleka Maskati alikuwa akinisikia nikikohoa kila asubuhi.

"Ulijua mie nakusoma?" nikamuuliza.

"Kila Jumamosi watangaza uliyoyasoma, na picha juu. N'takosaje kujua?"

"Sleiman, nani huyo?" mama aliita kutoka ndani.

"Mie Kificho, Bi Thuraiya. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema. "Pita. Kuna kahawa yako imeandikwa. Wameshanisomea."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Ahadi deni, Sleiman."

Nikafungua mlango wa uani. Akachuma kweli, mpaka mti ukaanza kunitia huruma. Kisha akapika jikoni kwetu, mimi nikitwanga majani kwa amri yake. "Taratibu," aliniambia. "Hupigi nyoka." Niliyavumilia hayo kwa ajili ya goti la mama. Kila siku alikuja kuipasha moto dawa, akanywa kahawa yake, mimi nikamchua mama. Siasa hatukuigusa. Tulibishana kuhusu blogu ya mapishi, naye akashikilia kwamba sukari kwenye mchuzi wa pweza haina ubaya.

Siku moja kabla ya Ramadhani mama akaagiza mkeka. Hakuwa akisali, alisema ni sijida ya shukrani tu, ajaribu. Akashuka kwenye kiti, goti moja, la pili, mkono, na mwisho paji la uso likafika chini. Mimi na Kificho tulisimama mlangoni. Nilikuwa nikilia na sikujificha.

Mama akakaa pale muda mrefu. Akazidi kukaa, mpaka Kificho akanishika mkono kwa hofu, nami sikuutoa.

Hatimaye mama akainua uso kidogo, viganja bado viko mkekani.

"Mama, mbona umekawia hivyo?"

"Nlikuwa na maneno ya miaka mitatu," alisema. "Hayo nishayamaliza zamani. Kuinuka ndiko sikuwezi, na nyinyi mmesimama tu mwanitizama."

Tukamwinua, yeye upande wake, mimi upande wangu.