Ngamia wa Machimbo

Mwaka wa sabini na nane, kwenye machimbo ya mawe nje ya mji wa Isiolo, tulikuwa na ubao getini: SIKU BILA AJALI. Zikifika mia moja, kampuni inachinja fahali. Mimi, Jecinta, ndiye niliyefunga vidonda na kuandika daftari la ajali, na nawaambia ukweli: tangu fahali atajwe, hakuna aliyeumia kazini. Wote waliumia nyumbani, au waliumwa na ngamia wa kupita.

Siku ya tisini na nane, mkanda wa mashine ya kusaga kokoto, uliozunguka wazi bila kifuniko, ulimkata Lokorio vidole viwili. Lokorio ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliletwa akivuja damu, na nyuma yake kundi zima la wafanyakazi, nyuso za matanga, macho kwa fahali aliyefungwa getini.

"Sista, andika ngamia," akasema Godana, nyapara wetu. "Ngamia amemuuma."

"Ngamia tena, Godana? Si ni mkanda?"

"Wewe andika tu. Watu wamengoja hiyo nyama miezi tatu."

Nikiandika mkanda, ubao utarudi sifuri, na mashine itasimamishwa mpaka ifunikwe. Nikamtazama Lokorio.

"Andika ngamia, dada," akasema mjinga wangu huyo, meno yakigongana. "Hawa watanichukia."

Nikaandika.

Fahali akachinjwa. Lokorio akapewa nundu, wenzake wakamlisha kama bwana arusi. Mimi pia nilikula, Mungu anisamehe, na nyama ilikuwa laini.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi kutoka Nairobi. Akafungua daftari, akasoma: ngamia, ngamia, ngamia. Watatu kwa miezi mitatu! Akatikisa kichwa.

"Hii ni hatari kubwa. Pigeni fensi machimbo yote, ngamia wasiingie."

Stoo kulikuwa na wavu wa chuma, ulioletwa kufunika mkanda. Ukatumika wote kwenye fensi, ndefu ajabu, hata twiga asingeiruka. Nilifungua mdomo mbele ya mkaguzi, nikaufunga. Mwandiko ule ulikuwa wangu.

Jumatatu Ebei, baba wa watoto watano, alifika kutoka Kipsing kuchukua nafasi ya Lokorio. Alipitia kwangu kusalimu, nikamwambia ajihadhari sana pale kazini.

"Wameniambia," akasema akicheka. "Usijali, dada. Ngamia nimewachunga tangu utoto."

Akakunja mikono ya shati, akaenda kwenye mkanda.