Ndovu wa Clifford Tunnicliffe

Desmond Wragg aliiona dadu kwa macho yake mawili. Ilikuwa imetulia juu ya kitambaa cha kijani, karibu na mguu wa mbele wa ndovu mdogo wa madini ya risasi, na upande wa juu ulikuwa na madoa sita. Rodney Peach aliinamisha kichwa chake kikubwa, akaikodolea macho, kisha akasema kwa sauti ya kusikitika:

"Mbili tena, Clifford. Pole, mzee. Leo bahati imekususa kabisa."

Akaiokota haraka kwa vidole vilivyokuwa bado na mafuta ya pai.

Clifford Tunnicliffe alitikisa kichwa upande wa pili wa meza. Zamani alikuwa mchinjaji, mwenye duka lake pale mjini Ilkeston, mtu mpana mwenye mikono kama makasia. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne na macho yake yalikuwa yameoza katikati. Pembeni aliona bado, lakini kitu chochote alichokitazama moja kwa moja kilipotea kwenye ukungu. Majeshi yake aliyajua kwa kuyapapasa. Mikuki, ngao, farasi, kila askari wa risasi wa urefu wa kidole kidogo, aliweza kukwambia ni nani na amesimama mstari gani. Dadu ndizo zilizomshinda, kwa hiyo aliyekuwa akipigana naye ndiye aliyemsomea.

"Mbili," Clifford alirudia. "Basi ndovu wamekimbia?"

"Wamekimbia, na wamewakanyaga watu wako wenyewe." Rodney alicheka, akaanza kuwaondoa mezani.

Desmond alidhani amekosea. Akasogeza kiti. Dadu iliyofuata ilikuwa tano, na Rodney akaiita moja. Hilary Orme, mwenzao wa nne, alikuwa jikoni akimimina chai, hakuona kitu. Desmond alifungua mdomo. Kisha akanyoosha mkono kwenye mkebe, akachukua biskuti, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikawa kama udongo.

Kwa nini alinyamaza? Baadaye alijiuliza swali hilo mara nyingi, na kila jibu lilinuka. Miaka thelathini na moja walikuwa wakikutana gereji kwa Clifford kila Jumamosi mchana kucheza vita vya kale mezani, Warumi na Wakarthago, Waajemi na Wagiriki, na haukuwahi kutokea ugomvi uliozidi kelele. Rodney ndiye aliyemchukua kwa gari lake kwenda na kurudi. Rodney alikuwa na ulimi, mtu wa kukuchekesha mbele za watu mpaka utamani sakafu ifunguke. Na isitoshe ule ulikuwa mchezo. Askari wa risasi hawafi. Ndivyo alivyojiambia Jumamosi ya kwanza. Ya pili akajiambia hivyo hivyo, ingawa safari hii alihesabu: Rodney alidanganya mara saba.

Jumamosi ya tatu Clifford alipoteza jeshi zima kabla chai haijapoa. Aliweka mikono mapajani.

"Jamani, mimi basi," alisema. "Macho peke yake ningeyavumilia. Lakini na akili nayo inakwenda. Naipanga vita kichwani vizuri kabisa, nikiitoa mezani inakuwa takataka. Kumi na moja mfululizo nimepigwa. Mtu mzima hapigwi kumi na moja mfululizo."

"Acha hizo, Cliff," Hilary alisema. Alikuwa muuguzi mstaafu na hakupenda watu wajipime wenyewe. "Ni bahati mbaya tu."

"Si bahati. Rodney, wachukue wewe. Jeshi zima la Karthago. Afadhali liende kwa mtu anayelijua kuliko kukaa hapa likingoja nife."

"Aa, mzee, haiwezekani! Jeshi lako? Siwezi kabisa," Rodney alisema, na huku akisema hivyo mkono wake ulikuwa umeshavuta sanduku la kwanza kutoka kwenye rafu.

Desmond aliutazama ule mkono. Hata hivyo aliingia kwenye gari la Rodney, akafunga mkanda, akapelekwa nyumbani huku sanduku la ndovu likiwa limekaa kwenye kiti cha nyuma.

Wale ndovu hawakuwa vitu vya dukani tu. Clifford alikuwa amemwoa Enid, dada yake Desmond, na majira ya baridi ambayo Enid alilala na ugonjwa uliomwondoa, mume na mke waliwapaka rangi ndovu wanane juu ya meza ya kitanda. Clifford alipaka ngozi na meno. Enid alichora nguo za mgongoni, nyekundu na dhahabu, na pindo la maua madogo ambayo ungehitaji miwani ya kukuza kuyaona. Ndovu wa nane alimmaliza wiki moja kabla ya kufa.

Siku nne Desmond hakula sawasawa. Jumatano asubuhi alivaa koti, akatembea mpaka kwa Rodney, njia nzima akipanga maneno. Angeanza kwa upole. Angesema, huenda hukuona vizuri, ndugu yangu, lakini...

Rodney alimfungulia akiwa na aproni. "Karibu, karibu! Umekuja wakati mzuri, njoo uone kazi."

Kwenye kibanda cha uani kulikuwa na harufu iliyopiga puani kama ngumi. Juu ya benchi ilisimama mitungi sita ya vioo, ile ya vitunguu vya siki, na karatasi zake za dukani bado zimebandikwa. Ndani ya kila mtungi kulikuwa na ndovu mmoja kwenye mafuta ya breki. Rangi ilikuwa inawabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Ilining'inia vipande vipande, nyekundu, dhahabu, kijivu, ikakusanyika chini ikawa uji wa rangi ya kahawia. Rodney alimtoa mmoja kwa koleo, akaanza kumsugua na mswaki mkuukuu, na ule uji ukamtiririka hadi kwenye aproni. Mkono wake mwingine ulikuwa na sandwichi.

"Kesho watakuwa wasafi kama siku walipotoka kiwandani," alisema, akiuma mkate. "Zile rangi zilikuwa za kizee mno. Mwezi wa tano nawapeleka mashindano ya upakaji rangi. Kule waamuzi wanataka vivuli, wanataka mambo ya kisasa."

"Zile nguo za mgongoni alizichora Enid."

"Enid?" Rodney alitafuna kwanza. "Aa, ndiyo, dada yako. Sasa ungeniambia mapema, Des! Mimi nitajuaje?"

"Ulijua. Ulikuwepo siku Clifford alipotuonyesha. Ulilia."

Rodney aliinua mabega. Maneno yote ya upole aliyoyapanga Desmond njiani yalikuwa yamekwisha.

"Na dadu je?" aliuliza.

"Dadu gani?"

"Sita uliyoiita mbili. Tano uliyoiita moja. Jumamosi tatu, Rodney."

Rodney aliweka mswaki chini. Kwa kitambo Desmond alidhani atamwona mtu akiona aibu. Badala yake uso ulifunguka kwa kicheko, makombo ya mkate midomoni.

"Kumbe uliona! Uliona, na ukala biskuti yako ukanyamaza! Basi tuko pamoja, mzee mwenzangu. Sikiliza, yule Cliff amekwisha, wewe na mimi tunajua. Mimi nimemharakisha kidogo tu, asiendelee kujiumbua. Wewe chukua wale wapanda farasi, si siku zote ulikuwa unawatolea macho? Chukua, chukua. Hilary hana haja ya kujua."

Akampiga Desmond begani kwa mkono ule ule wenye uji wa rangi.

Desmond alitoka nje, akashika ukuta, akatapika chai yake yote juu ya maua ya Rodney. Alipomaliza alijifuta mdomo, akarudi ndani. Alitia mkono kwenye mtungi wa kwanza, akamtoa ndovu, akamlaza kwenye gazeti. Akaenda wa pili.

"We, unafanya nini? Utaungua! Des! Hiyo ni mali yangu, nimepewa!"

Mafuta yalimchoma kwenye nyufa za vidole. Aliwatoa wote. Wawili wa mwisho walikuwa bado wakavu ndani ya sanduku, hawajaguswa; akawachukua na hao. Rodney alisimama mlangoni, mnene, akipiga kelele za kuita polisi, lakini Desmond alipomkaribia alijibanza pembeni, kwa sababu hakutaka kuchafua shati.

Clifford alikuwa jikoni kwake, redio ikizungumza peke yake. "Nani huyo anayenuka gereji ya magari?" aliuliza.

"Ni mimi, shemeji."

Desmond alimwekea mezani wale wawili wakavu kwanza. Vidole vikubwa vya mchinjaji viliwapita polepole, mkonga, sikio, pindo la maua, na uso ukalainika. "Wa tatu na wa saba," alisema. Kisha akawagusa wale wengine. Vidole vilisimama. Ndovu hao walikuwa laini, wenye utelezi, kama kitu kilichotolewa tumboni mwa mnyama, na Clifford alivitambua vitu vya namna hiyo kuliko mtu yeyote mtaani.

"Hawa wamefanywa nini?"

Desmond alimweleza. Mitungi kwanza, halafu dadu. Alieleza yote bila kujipunguzia, maana alidhani akisema kweli yote atapata nafuu.

Clifford alizima redio.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumamosi tatu. Wiki ya tatu sasa."

"Wiki tatu." Clifford aligeuza uso pembeni, kama alivyozoea alipotaka kumwona mtu kwa ule ukingo wa jicho uliobaki. "Unajua wiki hizo nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nalala nikijiambia naharibikiwa. Nilikwenda kwa daktari nikamwomba anipime kichwa. Nilimpigia binti yangu nikamwambia aniangalizie nyumba ya wazee, kabla sijasahau kuzima gesi nikachoma mtaa. Alilia kwenye simu, Desmond."

"Sikujua hayo."

"Hukujua, sababu hukuuliza. Rodney alitaka ndovu. Ni mwizi, namwelewa. Nimeuza nyama miaka arobaini, nimewaona wa kila aina. Wewe ulitaka nini?"

"Nilitaka Jumamosi zetu zisiharibike," Desmond alisema, na yaliposikika kwa sauti, maneno hayo yalikuwa machafu kuliko alivyofikiri.

"Enid angekutemea mate," Clifford alisema taratibu. Kisha akachukua kitambaa cha vyombo, akajifuta vidole kimoja kimoja, kwa makini, muda mrefu. "Nenda nyumbani, shemeji. Usije mpaka nikuite."

Masanduku mengine Hilary, Clifford alipokwisha kumweleza, ndiye aliyekwenda kuyachukua. Aliporudi alimpigia simu Desmond, akamwambia Rodney ameyatoa mwenyewe hadi garini bila kubisha, halafu akauliza kama angeweza kurudishiwa gazeti lake la Jumatano, kwa kuwa hakuwa amelimaliza. "Na sikiliza," aliongeza, "mimi nilikuwa jikoni. Wewe ulikuwa mezani. Sitalisema tena, ila nimelisema." Akakata.

Ngozi ya mkono wa Desmond ilibambuka wiki mbili, ikarudi nyekundu na nyororo. Alikuwa akiitazama kila asubuhi kwa kinyaa, na hakuweza kusema kama kinyaa hicho ni cha ule mkono au cha yeye mwenyewe.

Alikaa bila kuitwa mpaka mwezi wa sita. Siku hiyo Clifford alipiga simu, sauti kavu. Hilary alikuwa amesafiri kwenda kwa dada yake, na yeye hakuwa na mtu wa kupigana naye. "Njoo saa nane. Utatembea, nadhani."

Alitembea. Walicheza kwa adabu kama watu waliokutana kwenye foleni. Ndovu sita walisimama mstari wa mbele wakiwa uchi, kijivu cha risasi; Clifford hakutaka wapakwe rangi nyingine. Alicheza vizuri ajabu, akili yake kama kisu, na kabla ya saa kumi alikuwa amewasambaratisha Waajemi wa Desmond na kuwafukuza hadi ukingoni mwa meza. Hakufurahi wala hakutania.

Walipokuwa wakikunja kitambaa, mtu wa posta alisukuma barua mlangoni. Ilikuwa na muhuri wa kliniki ya macho. Desmond aliiokota.

"Nikusomee, shemeji?"

Clifford alinyoosha mkono mpaka akapewa bahasha, akaitia mfukoni mwa shati.

"Jirani atanisomea," alisema, akaenda kuweka maji ya chai.