Magunia Thelathini kwa Cherehani Moja

Iddi hakuwa mwizi, tuelewane mapema. Alikuwa mtu mwenye hesabu kali na subira fupi. Mwamini, mkewe, alikosea kwenda Kalinzi kumuuguza shangazi yake na kumwachia nyumba ya Buzebazeba pamoja na cherehani.

Ulikuwa mwaka ule wakimbizi kutoka Zaire walipojaa Kigoma, na dagaa hawakukaa sokoni. Iddi alijua lile wanalolijua wote Ujiji: mbalamwezi ikiwaka, karabai za kuvutia dagaa hazina kazi, mitumbwi inalala ufukweni na gunia la dagaa wakavu linapanda bei. Mwezi ulikaribia kujaa, na gunia lilikuwa elfu ishirini. Akaibeba cherehani hadi ghalani kwa Mzee Abdulkarimu.

"Shikamoo Mzee. Hii ni ya elfu sitini. Nipe magunia matatu."

"Marahaba. Matatu ya nini? Iache hapa iwe dhamana, nikushikie thelathini. Hayatoki ghalani. Bei ikipanda elfu moja, unapata elfu thelathini badala ya elfu tatu."

"Na ikishuka?"

"Elfu moja, nusu ya cherehani imekwenda. Elfu mbili, imekwenda yote, nami nauza magunia siku hiyohiyo. Hutaki niuze, niongezee dhamana kabla ya alasiri."

Iddi alikubali upesi. Lile swali la pili aliliuliza kwa adabu tu.

Jumatano mwezi ulijaa, na mawingu nayo yakajaa. Kwa wavuvi giza ni giza, wakawasha karabai zao wakaingia ziwani. Alhamisi asubuhi mitumbwi ilirudi imesheheni, mchanga wote ukawa dagaa watupu, na wanunuzi wakaanza kuringa. Gunia likashuka hadi elfu kumi na tisa.

"Ongeza," Mzee akamwambia.

"Mawingu yatapita, Mzee."

"Yatapita. Wewe una nini cha kuyangojea?"

Ijumaa gunia lilifika elfu kumi na nane. Iddi akaja akikokota baiskeli isiyo na mnyororo. Mzee aliitazama, akacheka hadi kofia ikamwanguka, akayauza magunia yote thelathini na cherehani juu yake. Jioni ileile upepo ukafagia mbingu, mwezi ukatoka mweupe bila haya. Kufikia Jumatatu gunia lilikuwa elfu ishirini na sita.

Iddi alipiga hesabu mara tatu: faida ya laki na themanini, cherehani tatu nzima! Akaenda ghalani mbio.

"Nilisema! Nilikuwa sahihi!"

"Tena sana," akajibu Mzee. "Ila ulikuwa na pumzi ya elfu mbili tu. Ungechukua matatu yako, ungekuwa nayo mpaka leo."

Mwamini aliporudi, Iddi alimweleza yote kama mwalimu mbele ya ubao: mwezi, mawingu, dhamana. Alimalizia kwamba kosa lilikuwa la siku tatu tu. Mwamini akakaa chini, pale pale cherehani ilipokuwa.

"Iddi, ile cherehani nimeilipia elfu sita. Sehemu iliyobaki ni ya Veneranda aliyeniuzia, namlipa kidogo kidogo."

Iddi alimjua Veneranda wa Katubuka. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Uvira akiwa na mtoto mgongoni na cherehani katikati ya magoti, na mtumbwi mzima ukimpigia kelele aitupe majini. Hakuitupa. Aibu ilimshika Iddi.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Veneranda mwenyewe, wala hakuja kudai. Alikuwa ameshika kichupa cha mafuta ya mashine alichosahau kumpa Mwamini, akasema siku hizi yanapatikana kwa shida. Iddi akakipokea kwa mikono miwili.

"Inashona vizuri?" akauliza Veneranda, akichungulia ndani.