Kitabu cha Thelathini na Moja

Mwalimu Muhiba binti Idarusi alikuwa na sheria moja, na aliipigia kelele tangu siku ya kufungua shule mpaka siku ya kufunga: kitabu kisicho na jalada si kitabu cha darasa langu. Watoto wa darasa la tano waliijua sheria hiyo kuliko walivyozijua hesabu za kuzidisha. Ukiwa na karatasi ya kaki, sawa. Huna? Chukua pakiti ya unga iliyokwisha, ipasue, ikung'ute, ukivalishe kitabu chako. Gundi ni ugali wa jana.

Basi mwaka ule wa sabini na tisa wazazi walichanga, likanunuliwa kabati la mbao lenye kufuli, na zikabaki pesa za vitabu thelathini vya hadithi. Si vile vya picha kubwa na neno moja kila ukurasa, la. Vitabu vya kusomwa, vyenye sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Duka moja la mjini likampa Mwalimu sanduku zima akae nalo wiki moja, achague thelathini, na vingine avirudishe Jumamosi vikiwa safi kama alivyovipokea.

Bwana Patrobas, mwalimu mkuu, alikuja kuchungulia sanduku hilo mara moja tu.

"Mwalimu Muhiba, kumbuka mtihani wa darasa la saba ni wa Kiingereza. Kiswahili hakiulizwi. Usije ukatujazia kabati hadithi za kwenu Majengo."

Akacheka, na walimu wawili waliokuwa wakinywa chai wakacheka naye. Muhiba pia alicheka, nisikufiche. Alizaliwa Majengo, akalelewa na bibi aliyejua hadithi za kumaliza mfungo mzima wa Ramadhani, na bado alicheka. Kisha akaona haya, akaamua hatawapa nafasi ya kumcheka tena.

Wiki ile aliwaruhusu watoto wavishike vitabu saa ya chakula cha mchana, mradi wawe wamenawa mikono. Wengi walitazama picha za jalada wakakimbilia mpira. Nzembi hakukimbia. Huyu alikuwa mtoto wa mtaa wa Huruma, mama yake muuza mboga, naye alikuwa akilirudia darasa la tano. Ukimpa kusoma Kiingereza alisimama, akameza mate, akanyamaza mpaka uchoke wewe. Muhiba alikuwa amechoka zamani.

Lakini ndani ya sanduku mlikuwa na vitabu vitano vya Kiswahili, na Nzembi akakipata kimoja, cha msichana aitwaye Sahro aliyeibiwa punda wake akafuata nyayo. Kila mchana alikwenda bombani, akanawa hadi kwenye viwiko, akaketi chini ya dirisha na kidole chake kikitambaa neno kwa neno. Jumatatu alimaliza sura mbili. Ijumaa alikuwa sura ya sita.

"Mwalimu," alisema siku hiyo, akiwa amesimama mlangoni, "huyu Sahro amefuata nyayo hadi mtoni, sasa zimepotea."

Tangu Januari mtoto huyo hakuwahi kumsemesha bila kuulizwa.

"Vizuri," Muhiba akajibu bila kuinua uso. Alikuwa akivipanga mezani vitabu alivyokwisha kuvichagua, na alikuwa akivihesabu. Hilo "vizuri" lake ndilo linalomla mpaka leo.

Watoto walipokwenda nyumbani jioni, alianza kuvirudisha sandukuni vilivyokataliwa. Kile cha punda kikamjia mkononi kimevaa. Kilikuwa na jalada la pakiti ya unga, limekunjwa pembe kwa uangalifu, ugali haujakauka. Juu yake, kwa penseli, herufi zimeinama kila moja upande wake: Darasa la Tano. Nambari 31.

Muhiba akakaa kitini. Mezani palikuwa na vitabu thelathini, na mwenye macho angeweza kuvihesabu kupitia dirishani. Mtoto alihesabu, akaona chake hakimo, akakifanya kuwa cha darasa kwa sheria pekee aliyofunzwa. Alifunzwa na nani? Na yeye Muhiba.

Ilikuwa rahisi kutoa kimoja cha Kiingereza akiweke hicho. Alikinyanyua kimoja, cha watoto wa Ulaya na theluji yao, akakishika kwa muda. Halafu akakisikia tena kile kicheko cha chumba cha walimu, akakirudisha mezani. Mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, akaogopa kuchekwa kwenye chai! Alilowesha kitambaa chake cha mkono, akalibandua jalada taratibu, akaufuta ugali mpaka kitabu kikawa safi. Jalada akalitupa kwenye kapu la taka la darasa. Jumamosi asubuhi kitabu kikarudi dukani, na muuzaji akamsifu kwa usafi.

Jumatatu kabati lilifunguliwa. Nzembi akasimama mbele yake, akavipitia vitabu vyote thelathini, kisha akavipitia tena.

"Mwalimu, kile cha punda kiko wapi?"

"Duka lilikitaka. Kilikuwa kimeagizwa na mtu mwingine."

"Haya, Mwalimu."

Tangu hapo, zamu yake ikifika, Nzembi alichukua kitabu chochote kilicho karibu, akaketi chini ya lile dirisha, akawa anafunua kurasa. Hakukosa hata zamu moja. Ila kidole hakikutambaa tena, na macho yalikuwa uwanjani. Muhiba aliliona hilo kila wiki na kila wiki lilimchoma. Jumamosi ya tatu alishindwa kuvumilia, akarudi dukani na pesa zake mwenyewe. Kitabu kilikwisha kununuliwa, na ilikuwa nakala moja tu.

Wiki iliyofuata akakusanya madaftari ya insha. La Nzembi lilikuwa na jalada la zamani la pakiti ya unga, lina doa la maji na upande mmoja umechanika pale lilipobanduliwa. Penseli ilikuwa imefutwa, lakini haikufutika yote. Nambari 31.

Muhiba akaligeuza mkononi. Halafu akachukua orodha ya zamu za usafi iliyobandikwa ukutani, akatafuta ile Jumatatu ya kabati. Aliyemwaga taka asubuhi, kabla ya kengele, alikuwa Nzembi. Kwa hiyo alipouliza kitabu kiko wapi, alikuwa ameshaliokota jalada. Alikuwa anajua. Alikuwa anampa mwalimu wake nafasi ya kusema kweli.

Saa ya chakula akamwita.

"Nzembi, mwanangu, kile kitabu nilikirudisha mimi. Hakuna mtu aliyekiagiza. Nilikudanganya."

"Najua, Mwalimu."

"Umenikasirikia?"

Mtoto akafikiri. "Hapana. Nilidhani sikukivalisha vizuri."

Muhiba alitamani ardhi immeze. Nzembi akasogea karibu kidogo. Uso wake ulikuwa umefunguka kama ile Ijumaa ya mlangoni.

"Lakini Mwalimu, si wewe ulivisoma vyote ndio ukachagua? Basi niambie tu. Yule punda alipatikana?"

Jibu lilikuwa jepesi. Alipatikana, mwanangu, ng'ambo ya mto. Lilimfika mpaka kwenye ulimi. Lakini Muhiba hakuwa amekifungua kile kitabu hata ukurasa mmoja. Alitazama lugha iliyo juu ya jalada, akakiweka kando.

"Sijui," akasema. "Sikukisoma."

Nzembi akamtazama. Hakununa wala hakulia. Ule uso tu ukajifunga polepole.

"Haya, Mwalimu," akasema kwa adabu. Akachukua daftari lake, akatoka nje kwenda kucheza mpira wa kati na wenzake.