Saba ya Dada

Jaribio la nadharia ya lugha za programu nilikuwa nimelifeli mara mbili, tena bila kusaidiwa na mtu. Nikilifeli kesho yake, chuo kinanifungasha virago.

Mchana huo nilijisomea ukingoni mwa meza ya cherehani, kwenye daftari la marehemu dada. Naye alisoma somo hilihili. Alifariki wiki moja kabla ya jaribio. Mama, fundi wa nguo, alipiga marufuku kalamu kuligusa daftari lile. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anakanyaga pedali. Nikifika swali la tisa, hutangulia kutaja jibu aliloliandika dada, kwa madaha yake yaleyale: "Saba!"

Swali lenyewe fupi. Nje, x ni mbili. Pale pale inatengenezwa funksheni, kijiprogramu cha kuongeza moja kwenye x. Kisha inaitwa ndani ya funksheni nyingine, yenye x yake: sita. Jibu?

"Saba!" akasema Mama.

"Mama... ni tatu."

Mama akaondoa mguu kwenye pedali.

"Funksheni haitazami inakoitwa. Inakumbuka ilikozaliwa, hata nyumba hiyo ikishafungwa. Kule kwao x ni mbili."

"Leo Profesa Sifuri ndiye wa kumsahihisha dada yake?"

Jina hilo alinipa dada. Nilicheka.

"Nilifeli kwa kuandika saba, Mama. Mara zote mbili. Tena saba yenye kamstari kiunoni, kama yake. Mimi zangu sizifungi mkanda."

Mama alilitazama daftari kama mtu anayepima kitambaa kisichotosha.

"Sketi yake ya mwisho nilimshonea pindo likaenda upande," akasema. "Mpaka leo sijalifumua." Akanisukumia kalamu. "Andika pembeni. Usimfute."

Nikaandika tatu, ndogo, ya adabu.

Kesho yake swali likaja, namba zilezile. Kabla sijamaliza kulisoma, mkono ulikuwa umeshaandika saba, na mkanda wake kiunoni.

"Dada," nikanong'ona, "sogea kidogo, wanafukuza watu huku."

Msimamizi akanikata jicho. Nikaikata ile saba, nikaandika tatu.

Ilikuwa sahihi. Ila mwandiko wa tatu hiyo nao haukuwa wangu.