Kuku wa Kinyozi

Nge wa kwanza nilimkuta ndani ya mfuko wa vitambaa, wiki ya pili tangu tuhamie nyumba ile. Wa pili alikuwa kwenye kiatu cha mume wangu. Wa tatu alikuwa ukutani, hatua mbili kutoka alipokaa mwanangu. Nilimuua, kisha nikakung'uta vitambaa vyangu vyote vya kushona, kimoja kimoja.

Kadogo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Kila alichokiona alikishika. Na ua wetu ulizungukwa na ukuta wa mawe wenye nyufa tele, ukichomwa na jua tangu asubuhi.

Mama mkwe alipokuja kututembelea aliutazama ule ukuta, hakuuliza mengi.

"Hapa panataka kuku, mwanangu. Waachwe watembee, hawatabakiza mdudu. Nitakuletea wa kishingo."

Aliwaleta sita kwenye tenga. Kuku wa kishingo hana unyoya shingoni, ni ngozi nyekundu tupu, utadhani katoka kuugua. Lakini joto si kitu kwake. Saa saba mchana, wenzake wakihema kivulini, yeye yuko juani anafukua.

Sasa, mume wangu ni kinyozi. Kibanda chake kinatazamana na ua wetu, na mteja akikaa kitini anaona kila kitu. Siku ile ile mmoja alicheka na povu lake usoni.

"Fundi, hata kuku umewanyoa? Na mkono ulikuwa unatetemeka nini?"

Kibanda kizima kikavunjika mbavu. Nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, na kusema kweli nami nilicheka. Hilo sijisamehe.

Jioni mume wangu akawarudisha kwenye tenga, awapeleke kwa mama yake.

"Siwezi kuwa kichekesho cha wateja, Mama Kadogo."

"Kwani tunawafuga wapendeze?"

"Nitaleta wengine. Kuku ni kuku."

Sikubishana. Nilimwonea huruma kwa ile aibu yake.

Alileta wanne, wanene, rangi ya dhahabu, manyoya yamewafunika mpaka vidoleni. Wateja wakawasifu. Kuku wale walitembea kutoka getini hadi chini ya tangi la maji, wakalala. Ikifika saa tatu asubuhi midomo iko wazi, mabawa wameyatandaza, wanahema. Niliwarushia mende, akawapita taratibu akaenda zake.

Baada ya hapo nge hawakujificha tena. Nilikuta mmoja kwenye beseni, mwingine kizingitini. Nikawa nakung'uta mkeka mara tatu kila asubuhi kabla ya kumweka mtoto.

Siku hiyo mteja alikuja kuchukua gauni kabla ya wakati, nami pindo sijamaliza. Niliukung'uta mkeka mara moja tu.

Nilisikia mlio ambao Kadogo hajawahi kulia. Nilipofika alikuwa ameshika kidole chake, na nge anaondoka kuelekea kwenye tangi. Alipita mbele ya kuku mmoja, karibu na mdomo kabisa. Kuku akamtazama, akafumba macho.

Mume wangu alimwacha mteja nusu kichwa, akambeba mtoto akakimbia naye hospitali na wembe bado mkononi.

Leo ni siku ya tatu. Kadogo anapumua kwa mashine, na daktari anasema tusubiri. Asubuhi nilirudi nyumbani kuoga, nikamkuta mume wangu ametoka kwa mama yake na tenga lile lile. Alilifungua mbele ya kibanda, wateja wakiwa wamejaa. Hakucheka mtu. Wale wenye shingo tupu walikwenda moja kwa moja ukutani, wakaanza kufukua. Yeye akachutama juani katikati ya ua, anahesabu.

Alasiri akaja wodini, vumbi mpaka magotini. Aliinama sikioni kwa mtoto.

"Wamekula tisa, mama," alimnong'oneza. "Tisa. Ua ni safi sasa. Amka utambae."

Niliangalia kile kidole kilichovimba juu ya shuka. Hakikusogea.