Nywele za Tumboni

Mwanamkuu alikuwa akimkata kucha Salvo, mtoto anayemlea pale Al Wukair, Qatar, Agata alipopita na kumwita mjukuu wake "carusu." Agata, bibi wa miaka themanini, alikuwa amekuja kutoka Sisilia kumtembelea mwanawe. Neno lile Mwanamkuu alikuwa akilisikia asubuhi na jioni, akaona bora aulize.

Agata akaketi, akavua miwani, akaeleza kwa Kiingereza cha kuokoteza na mikono mingi. Kwao ni mtoto wa kiume. Wazee wao husema asili yake ni aliyenyolewa, kwa kuwa zamani watoto walinyolewa vipara. Ndivyo walivyoitwa pia wale waliopelekwa na wazazi wao kwenye machimbo ya kiberiti, wakabebeshwa mawe mgongoni.

"Babu yangu aliingia huko na miaka minane," alisema. "Mama yake alimwambia, ningoje kidogo, nitakuja kukuchukua. Alingoja mpaka akaota ndevu."

Mwanamkuu akainamia kidole cha Salvo, ingawa kucha zote alikwisha kuzikata.

Kwao Pangani mtoto hunyolewa nywele za tumboni, zile alizozaliwa nazo, siku ya saba, na katika ukoo wao bibi mzaa mama ndiye humshika kichwa. Yusufu, wa binti yake Saida, alipozaliwa, Mwanamkuu aliagiza kwa simu asiguswe na wembe mpaka aje. Likizo ikaahirishwa mara ya kwanza, ikaahirishwa na ya pili. Sasa Yusufu ana miaka miwili na ushee, nywele zimefungana mafundo, vipele vimemjaa nyuma ya masikio, na watoto wa jirani humwita Bi Shungi. Saida hakulalamika hata siku moja. Mama keshasema.

Alasiri, Salvo alipolala, akapiga simu.

"Mnyoeni Ijumaa hii asubuhi."

"Mama, si ulisema tukungoje?"

"Nilisema. Nilikosea, mwanangu. Raha nilijiwekea mimi, anayewashwa ni yeye."

Saida akauliza kwa sauti ndogo nani atamshika.

"Mkweo. Mikono yake imetulia. Wembe uwe mpya, na kichwa mkiloweshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu."

"Basi nitakupigia ya video, umwone."

"Usipige," alisema Mwanamkuu. "Saa hizo nitakuwa namwogesha Salvo."